Sikukuu hii sitikisi glasi moja moja

Mwaka jana usiku wa kuamkia Krismasi nilijiponza mwenyewe. Nilikaribisha watu 12 nyumbani, na siku mbili kabla nikajitangaza kwenye grupu la familia kwamba safari hii nyie njooni mikono mitupu, kokteli zote juu yangu, mtaondoka mnanisifia. Basi bwana, watu wakaanza kuingia saa moja usiku, na mimi kuanzia saa hiyo mpaka saa tano na nusu nikawa jikoni nakamua ndimu. Natengeneza glasi, natikisa, nachuja, napeleka sebuleni, nikirudi na ya tatu yule wa kwanza keshamaliza anataka nyingine. Nasikia tu watu wanacheka huko, napiga kelele "mnacheka nini?", hakuna hata anayejibu. Mikono imeganda kwa barafu, shati limelowa shira, na sherehe yenyewe naisikilizia mlangoni kama mpita njia.

Lakini hilo hata halikuniuma sana. Kilichoniuma ni shangazi. Shangazi yangu hanywi pombe kabisa, toka nimfahamu, na mimi kwenye mahesabu yangu yote nilikuwa nimempangia... soda. Soda ambayo hata kwenye friji niliisahau. Kwa hiyo wenzake wameshika glasi zina ganda la chungwa na kijiti cha mdalasini, yeye kashika kikombe cha plastiki na soda vuguvugu. Hakulalamika, alisema tu "sisi wengine tumekuja kusindikiza", akacheka. Jamani. Ile kauli nililala nayo.

Toka siku hiyo nikabadili mfumo mzima na ndo naotaka kuwapa hapa kabla sikukuu hazijafika. Kwa sasa sianzi na pombe. Naanza na kitu nakiita msingi, yaani sufuria moja ya moto na jagi moja la baridi, vyote vimekamilika utamu wake bila tone la pombe. Chupa ya pombe inakaa pembeni, anayetaka anaongezewa kwenye glasi yake. Asiyetaka anakunywa kitu kile kile, glasi ile ile, na mapambo yale yale.

Msingi wenyewe unaanzia kwenye shira. Kikombe 1 cha sukari kikombe 1 cha maji, moto mdogo, koroga mpaka sukari ipotee na maji yawe maangavu, zima. Ndo hivyo tu, usikae unaichemsha itageuka pipi. Kwenye friji ndani ya chupa safi inakaa kama mwezi hivi. Najua kuna mtu anasema si niweke tu sukari kwenye jagi, mbona sukari ni sukari, haya weka, halafu utakuja kuikuta yote imelala chini, watu wamekunywa uchachu mwanzo mpaka mwisho na yule wa mwisho kapata tope la sukari. Kwenye kitu cha baridi sukari inayeyuka kwa shida sana. Na kingine ambacho nilichelewa kukijua, baridi inaficha utamu. Ukionja kitu kikiwa vuguvugu ukaona utamu uko sawa, kikishapoa kwenye barafu kitaonekana kimepungua. Onja kikiwa na ubaridi ule ule watakaonyweshwa wageni.

Viungo navitupia kwenye shira ikiwa bado ya moto, nafunika, naacha nusu saa, nachuja. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, na mimi nimeharibu sana tu. Karafuu! Karafuu 5 au 6 zinatosha lita nzima. Nilishawahi kumwaga kiganja kizima nikidhani nanogesha, tukanywa kitu kinatia ganzi ulimi kama tumetoka kung'olewa jino, na wala sitanii maana mafuta ya karafuu ndo yale yale watu wanaweka jino likiuma. Mdalasini tumia vijiti. Ule wa unga hauyeyuki, unaelea juu kama vumbi halafu unavimba unakuwa mlenda mlenda chini ya sufuria. Iliki iponde kidogo ipasuke, nzima nzima haitoi kitu. Na ganda la chungwa limenye jembamba, ule weupe wa ndani uache huko huko kwenye chungwa, ndo wenye uchungu.

Sasa sufuria ya moto. Mimi natumia juisi ya epo lita 2, vijiti 2 vya mdalasini, karafuu 6, tangawizi ukubwa wa kidole gumba iliyokatwa vipande, ganda la chungwa moja na shira kidogo kama juisi yenyewe haina sukari ya kutosha. Moto mdogo dakika 20 mpaka 25, unataka uone mvuke na vipovu vidogo vidogo pembeni ya sufuria, isitokote. Nyumba nzima itanukia, hiyo ndo nusu ya kazi, mgeni akifungua mlango tu keshakubali. Baada ya hapo toa viungo vyote. Usiviache humo usiku kucha, kadiri vinavyokaa ndo vinazidi kutoa uchungu, na yule wa kikombe cha saa sita usiku atakunywa dawa.

Anayetaka pombe weka ramu au wiski kama mililita 40 chini ya kikombe chake kwanza, halafu ndo umimine cha moto juu, hata kijiko hakihitajiki. Kwa nini usimwage chupa nzima kwenye sufuria yakaisha? Kwanza ni sababu ya shangazi, ishajieleza. Pili kilevi kinachemka kwenye nyuzi joto 78 wakati maji mpaka 100, kwa hiyo ukiacha sufuria itokote unavukiza hela yako hewani. Lakini hapo hapo usije ukamdanganya mtu asiyekunywa kwamba "hii imeshachemka pombe imekwisha". Haijaisha. Hata ichemke saa nzima kuna kiasi kinabaki humo ndani. Kama mtu hanywi, hanywi, mpe ambayo haijawahi kukutana nayo.

Waini nyekundu ya moto ndo pekee naivunjia sheria maana pale waini ndo yenyewe kinywaji, kwa hiyo inapata sufuria yake ndogo peke yake. Viungo ni vile vile, ila vitokote kwanza dakika 10 kwenye maji kidogo na sukari ndo uweke waini mwishoni, ipate moto tu basi. Chagua waini ya kawaida inayonyweka, ile chupa uliyoiweka kwa ajili ya siku maalumu usiilaze kwenye mdalasini, ladha yake hutaiona.

Aisee na glasi, karibu nisahau. Usimimine kitu cha moto kwenye glasi nyembamba iliyokuwa kwenye friji, itapasuka mkononi mwa mgeni. Suuza na maji ya uvuguvugu kwanza, au tumia tu vikombe vya chai vyenye mkono, hakuna atakayekucheka.

Watoto nao wanahitaji chao, na hapa nina aibu ya kuwasimulia. Nikataka kutengeneza kakao ya tangawizi, nikakwangua tangawizi mbichi moja kwa moja kwenye maziwa ya moto. Maziwa yakakatika. Nikajua pakiti ilikuwa mbovu, nikamwaga, nikafungua nyingine, nikakwangua tena, yakakatika tena, mabonge mabonge hivi yanaelea. Pakiti mbili za maziwa zimeenda na watoto wamesimama mlangoni wananiangalia. Kumbe tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, ndo maana ukiangalia wanaojua chai ya maziwa wanachemsha tangawizi na maji kwanza halafu ndo maziwa yanafuata, moto unakuwa umeshakiua. Nimekunywa chai hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza kwa nini tangawizi inatangulia. Kwa hiyo chemsha tangawizi kwenye maji robo kikombe dakika 5 hivi, weka maziwa, na kakao ichanganye pembeni na sukari na vijiko viwili vya maziwa mpaka iwe uji mzito ndo uimimine, ukiitupa kavu itakuwa madonge. Chumvi, kachumvi kadogo sana kwenye ncha ya vidole, inapunguza ule uchungu wa kakao. Usiniulize mara mbili, jaribu.

Tuje kwenye baridi. Karibu kokteli zote za ndimu zinasimama kwenye hesabu moja, kali 2, chachu 1, tamu 1. Yaani mililita 60 za pombe, 30 za ndimu, 30 za shira, mimi shira napunguza mpaka 20 maana sipendi utamu wa kushikashika mdomo. Kali hapo weka vodka, weka ramu, weka jini (ya chupa, siyo yule mwingine, yule hatumkaribishi). Ukiielewa hiyo hesabu huhitaji kukariri majina ya kokteli, unazidisha tu kwa idadi ya watu.

Lakini msingi wangu hauna pombe, sasa ile nafasi ya 2 inajazwa na nini? Hapo nilihangaika sana. Niliweka juisi tupu ikawa tamu ya kitoto, niliweka maji ikawa juisi ya ndimu. Kilichofanya kazi ni chai ya rangi. Chai nzito iliyokaa dakika 4 au 5 ikachujwa ikapozwa, ina ule ukakasi unaobana ulimi kidogo na kukufanya unywe taratibu badala ya kugugumia, ndo kitu pombe inafanya pia. Chai sehemu 2, ndimu 1, shira 1, basi. Usiache majani ya chai humo robo saa maana ukakasi unageuka uchungu.

Kuna kosa lingine la majagi. Ukitikisa kokteli na barafu, sehemu ya barafu inayeyuka inaingia kwenye kinywaji, karibu robo ya unachokunywa ni maji hayo, na ndo yanaifanya inyweke. Sasa ukichanganya tu kwenye jagi bila kutikisa, inakuwa kali na nzito, watu wanakunja sura. Kwa hiyo ongeza maji mwenyewe, kama kuna vikombe 4 vya mchanganyiko weka kikombe 1 cha maji, tia friji masaa matatu. Ndimu zikamue siku hiyo hiyo, zilizokamuliwa jana zishakata tamaa.

Barafu gandisha kwenye bakuli, donge moja kubwa, linayeyuka taratibu kuliko vibarafu vidogo vidogo ambavyo nusu saa tu vimeshakuwa maji. Na tafadhali lifunike. Barafu inabeba harufu ya friza, kama imelala jirani na samaki mtakunywa samaki. Vodka ya asilimia 40 unaweza kuilaza kwenye friza usiku mzima, friza ya nyumbani inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri na vodka haigandi hapo, inakuwa nzito nzito tu. Soda na waini usithubutu, zitaganda na chupa itapasuka.

Na soda, ya tangawizi au toniki au yoyote yenye gesi, inaingia mwisho, juu ya glasi, haitikiswi. Hii niliijua kwa kutikisa chupa ya jamu iliyojaa soda na ndimu nimeshikilia mfuniko kwa dole gumba. Doa bado liko darini, rangi ya chungwa, kila fundi akija ananiuliza.

Ile kokteli ya mayai na maziwa (eggnog) nimeiacha, mimi siipendi, ila kama wewe unaipenda basi pika mayai pamoja na maziwa taratibu mpaka ifike nyuzi 71 huku unakoroga, hasa kama kuna mjamzito au mtoto au mzee, maana mayai mabichi siyo ya kubahatisha. Halafu kuna mjomba mmoja kila familia atakayekwambia pombe inapasha mwili joto. Anachokisikia ni damu inayokimbilia kwenye ngozi, na ikifika huko joto linatoka nje, mwili wenyewe unapoa. Mpe koti.

Wiki iliyopita nikafanya jaribio, watu 6 tu, shangazi akiwemo. Jagi na sufuria vilikuwa tayari toka mchana, na walipofika mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kwanza walishangaa kuniona. Shkamoo shangazi, marahaba, nikampa glasi yake ina barafu, ina ganda la chungwa, sawasawa na ya wengine. Akanywa. Akanyamaza. Akanywa tena nusu, akaiinua kwenye taa akaichungulia.

"Mwanangu, hii haina ile kitu kweli?"

Haina shangazi, ni chai.

"Chai?"

Ni chai na ndimu. Akamaliza, akaomba nyingine, na hiyo ya pili aliinywa jicho moja liko kwangu.