Taulo la wageni

Mdogo wangu ameoa Jumamosi, barua yangu ya uhamisho (wa kikazi, si ule wa Babeli) nayo hatimaye imetoka, lakini kinachonikosesha usingizi ni taulo.

Nilifika nyumbani Ijumaa jioni, nikataka kuoga. "Mama, taulo langu liko wapi?" Akajibu huku anakunja nguo: "Lile kuukuu? Nimeshalifanya dekio. Chukua hilo kabatini, la wageni." La wageni! Jipya, lebo bado inaning'inia ukingoni. Nikajichekesha: "Kwani mimi mgeni?" Naye: "Subiri siku ya tatu, nitakupa jembe." Basi. Watu wakaingia, maneno yakahamia kwenye arusi.

Nami nikaondoka Jumapili alfajiri. Jembe sikulingoja.

Njiani nikamfungua tena Camus, yule mwandishi Mfaransa, ugonjwa wangu mnaujua. Katika kitabu chake cha Sisyphus (1942) anasema uhamisho wa binadamu hapa duniani hauna dawa, kwa kuwa hana kumbukumbu ya kwao alikopotezana nako wala tumaini la nchi ya ahadi. Maneno hayo nimeyapigia mstari miaka na miaka. Safari hii yalinikera. Kumbukumbu mimi ninayo, inapiga deki. Afadhali Kazimoto wa Kezilahabi katika *Kichwamaji* (1974), msomi wa chuo kikuu aliyerudi kwao akakuta yeye na wazazi wake hawaelewani tena. Huyo angenielewa.

Halafu kuna Daru, yule mwalimu wa hadithi fupi ya Camus huyohuyo, "L'Hôte" (1957). Kazaliwa Algeria, na popote pengine anajiona yuko uhamishoni. Analetewa mfungwa ampeleke jela. Anamlisha, anamtandikia, asubuhi anampa chakula na pesa na kumwonyesha njia mbili. Mfungwa anashika ya jela. Daru anarudi darasani, ubaoni kumeandikwa vitisho: umemtoa ndugu yetu, utalipa. Kichwa cha hadithi ni neno moja la Kifaransa lenye maana ya mgeni na ya mwenyeji pia. Nimejaribu kulitafsiri mara tatu, nimeshindwa. Sisi tuna maneno mawili na uzio katikati, ingawa tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyepona kwa Daru ni nani, sijui.

Alfajiri ile, nikitoka, niliona dekio kwenye ukingo wa ndoo. Herufi zangu mbili za uzi mwekundu, alizonishonea Mama nilipokwenda bweni, bado zipo.

Jana kanipigia simu. Hata salamu hakungoja: "Mtu mzima unaacha taulo bichi juu ya godoro! Umelelewa wapi wewe?" Kanifokea dakika nzima. Nimecheka mpaka machozi. Mgeni hafokewi hivyo.

Sasa hao wa uhamisho wanataka cheti halisi cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa. Nimepekua droo zote, hakipo.