Volti 3.3 kwenye geti ya 2N7000

Hivi karibuni nilitengeneza saketi ndogo ya kuwashia pampu ya maji ya bustani kwa kutumia rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) ya volti 5, ambayo koili yake ina ukinzani wa omu 70 hivi na huvuta takriban miliamperi 70. Kwa kuwa pini ya mikrokontrola (chipu ya kompyuta ndogo inayotoa amri), yenye volti 3.3, haiwezi kubeba mkondo huo, niliweka katikati 2N7000, mosfeti ndogo ya chaneli N (transista ambayo volteji kwenye pini yake ya geti huruhusu mkondo kupita kati ya pini za dreni na sosi) inayohimili volti 60 na miliamperi 200. Transista ya kwanza ilifanya kazi bila tatizo. Ya pili, niliyoitoa katika pakiti ileile, iliiacha rilei ikitetemeka bila kunasa.

Nilipopima kati ya dreni na sosi nilikuta karibu volti 2 zikipotelea hapo, koili ikabakiwa na 3 tu. Kosa lilikuwa langu. Karatasi ya vipimo inasema kizingiti cha geti ni kati ya volti 0.8 na 3, nami nikaamini kwamba 3.3 zinatosha kwa kuwa zimevuka kiwango cha juu. Kizingiti hicho, hata hivyo, hupimwa mkondo wa dreni unapofikia miliamperi 1 tu, yaani pale transista inapoanza kupitisha umeme, wakati ukinzani wa omu 5 kati ya dreni na sosi, tunaoutegemea transista ikiwa imewaka, hupimwa geti ikiwa na volti 10. Kipimo cha chini zaidi kilichoandikwa ni cha volti 4.5, na chini ya hapo mtengenezaji hatoi ahadi yoyote. Kila transista hufuata tabia yake.

Nimeibadilisha kwa BSS138, mosfeti nyingine ya chaneli N ambayo kizingiti chake hakizidi volti 1.5, ingawa udogo wake hudai mkono mtulivu wakati wa kuilehemu. Nimeongeza pia rezista ya kiloomu 100 kutoka geti hadi sosi, kwa sababu geti isiyoshikiliwa huelea mikrokontrola inapoanza kuwaka na inaweza kuiwasha pampu bila amri. Dayodi ya 1N4007 ilikuwapo sambamba na koili tangu mwanzo. Bila hiyo, msukumo wa volteji koili inapozimwa ungeweza kuiua transista. Sasa volteji inayopotea kati ya dreni na sosi haifiki nusu volti, na rilei inanasa kila ninapoiwasha.