Nilivyotembelea makumbusho ya Kansas City bila gari

Kansas City, katika jimbo la Missouri, ni mji uliotandaa sana, na niliambiwa mara kwa mara kwamba asiye na gari hafiki popote. Kwa kuwa sikuwa na gari, niliamua kuifuata tramu ya katikati ya mji, ambayo haitozi nauli, na kutorundika makumbusho mengi katika siku moja.

Nilianzia River Market, kwenye makumbusho ya Arabia, stima iliyozama katika Mto Missouri mwaka 1856 baada ya kutobolewa na gogo lililojificha majini. Watu wote walinusurika. Aliyekufa ni baghala mmoja aliyeachwa amefungwa sitahani, na mifupa yake imewekwa humo ionekane. Baadaye mto ulihama mkondo, stima ikabaki imezikwa chini ya shamba la mahindi, hadi familia moja na rafiki zao walipoanza kuichimbua mwaka 1988, huku pampu zikivuta maji usiku na mchana. Shehena yake ni viatu, vifungo, shanga, sahani na chupa za achari, ambayo mmoja wa wachimbaji aliionja akaikuta bado inalika. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote, kwa sababu sijaona mahali pengine panapoonyesha kwa ukaribu namna hii mahitaji ya watu wa kawaida wa zama hizo.

Tramu ilinishusha Union Station, na kutoka hapo nikapanda kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mgeni huingia kwa kukanyaga daraja la kioo, na chini yake yametandazwa maua mekundu 9,000, kila ua likiwakilisha wapiganaji 1,000 waliouawa. Kwangu mimi niliyekulia Tanga, mji uliopiganiwa na Waingereza na Wajerumani mnamo Novemba 1914, hesabu hiyo ilikuwa nzito.

Nelson-Atkins, makumbusho ya sanaa, hayana kiingilio cha kawaida, kwa hiyo yafaa kuyarudia kidogo kidogo.

Mtaa wa 18th na Vine niliufikia kwa basi. Makumbusho ya ligi za besiboli za Weusi yamepangwa kwa busara kubwa: uwanja wenye sanamu za shaba za wachezaji unauona tangu mwanzo ukiwa nyuma ya wavu, lakini huruhusiwi kuukanyaga mpaka umalize historia yote ya ubaguzi uliowatenga. Makumbusho ya jazi yamo katika jengo hilohilo, hivyo ni vyema kufika mapema.