Doa jekundu chini ya vidole: kumbukumbu ya mradi wangu wa mikono ya Buddha, safari ya nne

Doa limeondoka.

Naandika saa tano usiku, Pratunam, mtaa wa soko la nguo hapa Bangkok, chumba kimejaa mafurushi ya magauni hadi chini ya dirisha. Mwenzangu amelala tangu saa tatu. Mimi nina picha moja tu kwenye kompyuta, nimeikuza asilimia mia, na kila nikitaka kuifunga nairudia. Ni muundi wa mguu wa kulia wa Buddha wa dhahabu wa Wat Traimit, hekalu la hapa Bangkok, shibiri moja chini ya vidole. Dhahabu tupu, safi, ukingo hadi ukingo. Safari tatu nimerudi Dar na doa jekundu mahali hapo hapo, na safari zote tatu nilijipa sababu isiyo yenyewe.

Mradi ni uleule: kupiga picha mikono ya sanamu za Buddha. Wa kushoto umetulia mapajani, kiganja juu. Wa kulia umeteremshwa mbele ya goti, vidole vikielekea ardhini kuiita ardhi iwe shahidi. Ukiwa Thailand mkao huu utaukuta kila hekalu, wenye magari wameutundika hata mbele ya usukani. Naupenda kwa sababu fundi hana pa kujificha. Uso ukikosewa kidogo, kope zilizoinama zitausitiri. Kidole kikikosewa, kimekufa, na kila mtu anaona.

Mimi ni Muislamu, siendi pale kuabudu. Naenda kutazama kazi ya mikono ya watu, na nakaa kwa adabu za wenyewe: viatu nje, mabega na magoti yamefunikwa, miguu nimeikunja nyuma ili nyayo zisiielekee sanamu. Hilo la kufunika magoti lishikeni, ndilo lililoniponza.

Dhahabu nilijifunzia Wat Pho, kwa Buddha aliyelala. Mita 46 kutoka kichwani hadi nyayoni, kimo mita 15, alijengwa 1832 enzi za mfalme Rama wa Tatu, na jumba limembana kama viatu vya kuazima. Kila anayekwenda analalamikia nguzo. Nguzo zilinisumbua asubuhi moja tu; nikaacha kuhangaika kumpata mzima, nikahamia kwenye mkono unaoshikilia kichwa na kwenye nyayo zenye alama 108 za magamba ya chaza, huku nyuma yangu watu wakidondosha sarafu kwenye vibakuli vya shaba, kling, kling, kling, hadi unapiga picha kwa mdundo huo. Pale dhahabu ni karatasi nyembamba iliyobandikwa juu ya matofali na lipu. Mwanga ukiipiga unatawanyika. Unapima, unabonyeza, umemaliza. Nikaamini dhahabu nimeshaijua.

Wat Traimit ikanionyesha kwamba nilichokuwa nakijua ni lipu iliyovishwa dhahabu. Sanamu ya Traimit ina kimo cha kama mita tatu tu, lakini uzito wake ni tani tano na nusu, na ni dhahabu yenyewe. Kwa muda mrefu mno ilikuwa imepakwa lipu. Inaaminika waliifanyia hivyo ili majeshi ya Burma yasiitambue, kabla Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, haijaangushwa mwaka 1767. Siri ikasahaulika. Mwaka 1935 ikahamishiwa Traimit, na kwa kuwa hekalu halikuwa na jengo la kuitosha, ikakaa miaka 20 chini ya paa la bati kama sanamu nyingine yoyote ya lipu. Mei 1955 walipokuwa wakiihamisha, kamba zikakatika, ikaanguka, lipu ikabanduka, dhahabu ikachungulia. Nikiwa nimekaa mbele yake huwa nafikiria yule mtu wa kwanza aliyeinama kuangalia pale palipobanduka.

Baadaye ikagundulika kwamba imeundwa kwa vipande tisa vinavyoingiliana, na ufunguo wa kuvitenganisha ulikuwa umefichwa ndani ya lipu ya kitako. Kinachotajwa kuhusu usafi wa dhahabu yake ndicho kilichonivuta zaidi: mwili asilimia 40, kuanzia kidevu hadi paji la uso asilimia 80, nywele pamoja na kishungi, kilo 45, asilimia 99. Nilipanga kupiga picha itakayoonyesha tofauti hiyo ya rangi, mguu ukilinganishwa na uso. Mpango huo nimeutupa. Nywele ni vifundo vidogo vidogo vinavyovunja mwanga, mguu ni laini kama yai; hapo hulinganishi rangi, unalinganisha maumbo. Ila ndio ulionifanya niukodolee macho ule muundi, na ndipo nikaliona doa.

Doa lenyewe: urefu wa kidole changu kwenye skrini, jekundu la kutu, kingo zimeyeyuka. Lilikuwa chini ya ncha za vidole, kana kwamba mkono umevuja.

Safari ya kwanza nikasema taa. Nikasogea kushoto, nalo likasogea kidogo. Mimi sikulitia hilo maanani, jambo ambalo leo linanikereketa.

Safari ya pili nikasema lenzi. Nina lenzi ya milimita 85 ya kawaida, ile nyepesi, naipenda kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua, na kuishuku kuliniuma. Nikaazima lenzi ya kuvuta ya rafiki, 24-70. Zito, linachosha shingo, na kwa kazi hii halina faida: huna pa kutembea pale, unakaa chini, unachagua kipande chako. Doa likaja vilevile. Nikajaribu na simu. Simu zetu hizi zinasawazisha mwanga zenyewe, na dhahabu zinaigeuza plastiki, doa na kila kitu vinalainishwa pamoja. Tafadhali msipige dhahabu na simu kisha mkasema sanamu haina uhai.

Halafu nikanunua filta ya polaraiza, kwa bei ya magauni manane ya jumla. Nikaizungusha mzunguko mzima, taratibu, jicho kwenye kitundu. Doa halikupungua hata chembe. Mwenye kupanga kununua kwa kazi kama hii aweke pesa yake mfukoni. Filta ile inakata mng'ao wa maji, wa kioo, wa majani mabichi, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka huko umejipanga upande mmoja. Unaorudi kutoka kwenye chuma kitupu haujipangi hivyo. Dhahabu haikusikii.

Safari ya tatu nikasema rangi. Nikabeba kadi ya kijivu, nikapima weupe pale pale mbele ya sanamu, nikarudi hotelini na faili za RAW, yaani picha ghafi, zilizonyooka kabisa. Marumaru ya ukumbi ikawa nyeupe kweli kweli. Doa likawa jekundu zaidi.

Nilikaa miezi mitano nyumbani na hilo. Kariakoo ukiniona niko dukani, ujue kichwa kiko kwenye ule muundi.

Kilichofungua mlango ni grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera: kushoto giza, kulia mwanga, na ikigonga ukuta wa kulia picha imeungua. Kamera yangu nilikuwa nimeiachia grafu moja, ile nyeupe ya mwanga kwa jumla, na kila mara iliniambia niko salama, bado kuna nafasi kulia. Grafu hiyo inasikiliza kijani kuliko rangi nyingine. Dhahabu inameza bluu, inarudisha kijani kiasi, na nyekundu inairudisha kwa wingi. Ongeza taa za njano za ukumbini, nyekundu inajaa na kumwagika huku grafu moja ikikutuliza. Juzi asubuhi nikawasha tatu, moja kwa kila rangi. Bluu ilikuwa imejikunyata kushoto. Kijani katikati. Nyekundu ilikuwa imegonga ukuta wa kulia na kulala hapo. Yaani kila picha ya dhahabu niliyopiga Traimit kwa safari tatu ilikuwa imeungua kwenye nyekundu, na sehemu iliyoungua haina maelezo tena, ni bapa la rangi ya chungwa. Ule ulaini niliokuwa nausifia haukuwa wa sanamu. Ulikuwa ni kuungua.

Nikashusha mwanga stopu moja na theluthi; kila stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu. ISO 1600, f/4, shata 1/80, viwiko juu ya magoti, pumzi imeshikwa. Kwenye skrini ya kamera picha ilionekana ya giza, ya kusikitisha, nikajikaza nisiiguse. Usiku nikaifungua hapa hapa kwenye meza hii, nikapandisha mwanga pole pole, na dhahabu ikajaa kama mkate unaoumuka. Nikaona mikwaruzo. Nikaona unyoya wa vumbi kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Nikashuka kwenye muundi.

Doa lilikuwepo, lakini safari hii lilikuwa na umbo. Juu wekundu, katikati ufito mweusi, na ndani ya weusi vitone vimepangwa safu, kimoja, kimoja, kimoja. Vilikuwa vya njano, kwa sababu kwenye dhahabu hata kitu cheupe hurudi njano. Nikakuza zaidi. Ufito ule ulikuwa umepinda kufuata mviringo wa mguu, ukifika pembeni unakonda na kupotea.

Pindo. Lilikuwa ni pindo la kanga.

Nikanyanyua macho. Kisutu changu kilikuwa kimetundikwa kwenye kiti mbele yangu, chekundu, cheusi, cheupe. Nusu ya doti. Nusu ya pili iko Dar. Nimekibeba safari zote nne kwa ajili ya kujifunga nikiingia hekaluni, kwa sababu suruali za kazi zinaishia chini ya goti tu. Kila nilipokaa mbele ya sanamu ile nilikitandaza magotini, taa za ukumbini zikikimulika kwa juu, na muundi uliosuguliwa kama kioo ukanionyesha nilichovaa. Nikisogea, nacho kinasogea. Wat Pho hakikuwahi kuonekana kwa sababu karatasi ya dhahabu juu ya lipu haionyeshi sura ya mtu.

Nilikaa kimya muda mrefu. Sikupata hata wa kumwambia, mwenzangu alikuwa kwenye simu na watu wa mzigo.

Leo asubuhi nikavaa baibui jeusi na mtandio mweusi, maandishi meupe ya kamera nikayabandika utepe mweusi.

"Shoga, kwa jua hili baibui la nini?" akaniuliza.

"Picha."

"Na mzigo? Wanapima kilo saa nane."

"Saa saba na nusu niko hapa."

Nikawa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda ngazi. Nikakaa mahali pale pale nilipokaa safari zote. Stopu moja na theluthi chini. Fremu sita. Ya nne ndiyo hii iliyo mbele yangu: vidole vinashuka, kimoja kimeinuka kidogo kuliko vingine, kivuli chake kimelala juu ya muundi, na chini ya kivuli hakuna kitu isipokuwa dhahabu inayotoka njano ya asali kwenda kahawia ya tende. Ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu safari ya kwanza, na ni kizuri kuliko nilivyokuwa nimekiota.

Nilitakiwa kuondoka hapo. Mpango wa kesho ulikuwa mji wa Sukhothai, basi la alfajiri, saa kama saba njiani, kwenda hekalu la Wat Si Chum kumpiga picha Phra Achana, Buddha mkubwa aliyeketi. Yule amekaa ndani ya kuta nene zisizo na paa, mita 15 kwenda juu, unamwona kupitia mwanya mwembamba, na mwili wake ni lipu isipokuwa vidole vya mkono wa kulia, ambavyo mahujaji wamevibandika dhahabu. Kwa mradi wa mikono, hakuna pengine panapostahili zaidi. Nilishaweka akiba ya siku mbili.

Lakini wakati nakunja mtandio, akaja mama mmoja wa makamo, amevaa nyeupe juu hadi chini. Akapiga magoti mbele upande wangu wa kulia, akakutanisha viganja, akainama hadi paji la uso likagusa sakafu, mara tatu. Mimi nilikuwa bado nimelenga muundi. Ndani ya kitundu nikamwona akitokea: tone la njano, dogo kama punje ya mchele, likajikunja, likanyooka, likajikunja. Uso haukuonekana, wala nguo haikutambulika. Ni mwendo tu wa mtu anayesujudu, ndani ya mguu wa anayesujudiwa. Nikabonyeza mara moja, kisha nikashusha kamera kwa sababu niliona aibu kuendelea kumsikilizia.

Fremu hiyo haikutoka vizuri, fokasi iliangukia vidoleni. Taswira ya mtu iko ndani zaidi kuliko uso wa dhahabu, lazima ulenge taswira yenyewe na ukubali vidole vififie, au ubane tundu la lenzi hadi f/11 ili vyote viwili vikae kwenye fokasi, na kulipia giza lake kwa kupandisha ISO. Nitajaribu yote mawili. Phra Achana amekaa pale karne nyingi, atanisubiri safari ya tano.

Kwa hiyo kesho sipandi basi. Mzigo umeshapimwa, asubuhi ni yangu. Baibui linabaki hapa. Nakwenda na kisutu, nitakifunga pindo likae mbele kabisa, nitakaa palepale, f/11, nyekundu nikiichunga isiguse ukuta, na nitalipiga lile doa kwa kukusudia, vitone vyote.