Mvua Katika Nchi Isiyo na Watu

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu kutoka Kasese. Juma hili nimekuwa nikimuuguza mama mkwe, ambaye hawezi tena kugeuka kitandani bila kusaidiwa, na usiku, nyumba nzima ikiwa imelala, moyo wangu umekuwa ukiuliza ni nani anayeiona kazi hii. Swali hilo nimelipeleka mbele za Bwana, na jibu nimelipata katika Ayubu sura ya 38, pale Bwana anapomuuliza mtumishi wake juu ya mvua inyeshayo katika nchi isiyo na watu, na mistari michache baadaye anamuuliza barafu ilitoka katika tumbo la nani.

Sisi tukaao chini ya milima ya Rwenzori barafu tunaiona kwa mbali, mawingu yanapofunguka asubuhi. Antaktika, kule kusini mwa dunia, ni bara zima la barafu ambalo halikuwahi kuwa na wenyeji, na binadamu wa kwanza kujulikana kuliona aliliona mwaka 1820. Vizazi vyote vilivyotangulia, Mungu alikuwa akiwalisha viumbe huko bila shahidi yeyote. Kila majira ya baridi bahari inayolizunguka bara hilo huganda mpaka barafu ikaenea kilomita za mraba zipatazo milioni 18, yaani zaidi ya mara sabini ya Uganda yetu. Upande wa chini wa barafu hiyo huota mwani mdogo sana, na watoto wa krili, wadudu wa bahari wafananao na kamba, huukwangua mwani huo na kuula ili waishi mpaka jua lirudi. Krili aliyekomaa hapiti urefu wa kidole, lakini ndiye chakula cha pengwini, cha sili wengi, na cha nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote. Zaburi ya 104 inasema, "Hao wote wanakungoja Wewe, uwape chakula chao kwa majira yake." Mtunga zaburi hakuijua bahari hiyo, lakini Bwana wake aliijua.

Lililonigusa zaidi ni la samaki. Mwezi Februari mwaka 2021, watafiti waliokuwa katika meli ya Ujerumani iitwayo Polarstern walishusha kamera chini ya barafu ya Bahari ya Weddell, kando ya bara hilo la Antaktika, zaidi ya mita 400 kwenda chini, wakakuta viota vya samaki-barafu vimetandaa sakafuni mwa bahari, kiota baada ya kiota, hata wakakadiria kuwa vinafika milioni 60. Samaki hao hawana wekundu katika damu yao, na maji wanamoishi ni ya baridi kiasi kwamba maji ya ziwa letu George yangekuwa yameganda. Katika viota vingi alikuwapo samaki mmoja, amekaa juu ya mayai yapatayo 1,700, akiyalinda gizani. Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyejua kwamba viota vile viko pale, na ulinzi wa samaki hao haukupungua kwa sababu hiyo.

Ndugu yangu unayelala sakafuni hospitalini kando ya kitanda cha mgonjwa, dada yangu unayefua nguo za mzee ambaye hata jina lako amelisahau, nakusihi usikate tamaa! Yeye aliyeviona viota vile kabla kamera haijatengenezwa amekuona na wewe. Bwana Yesu alisema Baba aonaye sirini atakujazi, na neno hilo halikusubiri mtu mwingine alithibitishe. Shika zamu yako, kula unapopata chakula, lala unapopata nafasi, na umwambie Mungu uchovu wako jinsi ulivyo.

Lakini kwa kanisa nina neno zito. Binadamu alipofika katika bahari zile za kusini, alichokitazama zaidi ni faida, na katika karne ya 20 aliua humo nyangumi zaidi ya milioni moja kwa ajili ya mafuta na nyama, hata nyangumi wa buluu wakakaribia kwisha kabisa. Jicho la namna hiyo limeingia pia katika ibada zetu. Tunasoma kwa sauti majina ya waliotoa mabati na saruji, tunawapigia makofi, na ni vema kuwashukuru. Lakini mama aliyemuuguza mumewe miaka mingi hatujawahi kumtaja hata katika maombi, kwa kuwa hana cha kuandikwa katika daftari la michango. Wazee wa kanisa, jambo hili halimpendezi Bwana.

Basi kabla ya Jumapili, kila kikundi cha nyumbani kiulize katika mtaa wake ni nani anayemuuguza mtu, kisha kimpelekee chakula na kipange watu wa kukesha badala yake ili apate kulala usiku mzima. Kazi hii wasiachiwe akina mama peke yao. Wanaume nao wapangiwe zamu.