Kujitolea na watoto kule Andes: mambo ya kupanga kabla ya kupanda ndege

Ukitafuta nafasi ya kujitolea na watoto Cusco, Peru, au La Paz, Bolivia, matangazo mengi yatakupeleka kwenye vituo vya yatima. Achana nayo. Wengi wa watoto wanaolelewa vituoni wana mzazi aliye hai, na kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja anamzoea mgeni, mgeni anaondoka, anakuja mwingine, naye anaondoka. Baada ya muda mtoto huyo anamkumbatia yeyote aingiaye mlangoni, na wageni hudhani huo ni uchangamfu. Ni jeraha. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalogusa madhara ya utalii wa kujitolea katika vituo hivyo, na Peru tangu mwishoni mwa 2016 ina sheria inayotanguliza malezi ya familia kabla ya kituo. Kituo kinachompokea mtu wa wiki moja na kumlaza jengo moja na watoto kinatafuta ada yake tu.

Tafuta mahali ambapo mtoto anarudi kwao jioni: masomo ya ziada baada ya shule, maktaba ya mtaa, jiko la chakula cha mchana, au vikundi vya watoto wanaofanya kazi. Hawa wa mwisho wana historia yao. MANTHOC, chama cha watoto na vijana wafanyakazi, kilianzishwa Lima mwaka 1976, na watoto wenyewe wana sauti ndani yake. La Paz utawaona wang'arisha viatu wamefunika nyuso kwa vinyago vya sufu, kwa sababu kazi yao inadharauliwa na hawataki kutambuliwa na wenzao wa shule. Usimwombe mtu wa namna hiyo afunue uso upige picha. Na picha za watoto kwa jumla, usipige bila idhini ya mzazi na ya mtoto mwenyewe.

Kabla ya kulipa chochote, uliza: nani anaongoza kazi nikiwa sipo? Ada yangu inakwendaje, sehemu kwa sehemu? Muda wa chini ni upi? Chini ya mwezi mmoja, omba kazi isiyokukutanisha na watoto moja kwa moja: kupaka rangi, kupanga vitabu, hesabu za ofisi. Swali la nne ndilo linalochuja zaidi: mnataka cheti changu cha polisi? Wasipokitaka kwako, hawakukitaka kwa waliokutangulia. Kenya na Tanzania cheti cha tabia njema hutolewa kwa alama za vidole na huchukua muda, kwa hiyo kianze mapema, kisha waulize kama wanahitaji tafsiri ya Kihispania yenye mhuri. Cheti cha homa ya manjano beba pamoja na pasipoti. Peru na Bolivia zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo unaweza kuulizwa ukirudi nyumbani pia. Majani ya koka utakayonyweshwa kule kama chai yaishie kulekule. Kwingi duniani yanahesabiwa dawa za kulevya.

Kuhusu mwinuko, wengi hulichukulia jambo hili kirahisi. Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni juu ya Mandara, unakaribia Horombo. El Alto, ulipo uwanja wa ndege wa La Paz, imepita mita 4,000. Tofauti ni kwamba mlimani unapanda kwa miguu, polepole, lakini kutoka Lima ndege inakupandisha Cusco kwa saa moja na ushei. Wanaoanza kazi siku hiyohiyo huishia kitandani na kichwa kinachopasuka. Shuka kwanza hadi Ollantaytambo au Urubamba, chini ya mita 3,000, ulale siku mbili tatu, ndipo upande. Daktari anaweza kukuandikia acetazolamide, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla. Mwambie kama una mzio wa dawa za salfa. Ukimwona mwenzako anayumba akitembea, au anahema akiwa amekaa tu, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna la ziada. Mwenye selimundu asiende kwenye miinuko hiyo. Mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini haumwi kitu, bandama yake inaweza kudhurika hewa ikipungua. Pima kabla ya safari. Ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, teremka na uende hospitali.

Sasa kazi yenyewe. Watoto wengi wa vijiji vya Cusco wameanza na Kiquechua, lugha ya wenyeji wa Andes, nyumbani na kukutana na Kihispania shuleni, jambo ambalo msomaji wa huku halihitaji kuelezwa. Kiquechua kina irabu tatu, a, i na u. Kihispania kina tano, kama Kiswahili. Kwa hiyo mtoto ataandika "misa" (ibada) akikusudia "mesa" (meza), na kwa kosa hilo amechekwa tangu darasa la kwanza. Usicheke, wala usimsahihishe mbele ya wenzake. Chukua jozi kama mesa na misa, peso (uzito) na piso (sakafu), uziandike kwenye kadi. Wewe tamka, yeye ainue kadi aliyoisikia. Dakika tano kila siku, kusikia kwanza, kuandika baadaye. Anayeanza na kuandika hupoteza wiki nzima, maana mtoto hawezi kuandika tofauti ambayo sikio lake bado halijaikamata.

Kwa hesabu, tumia yupana, ubao wa kuhesabia wa tangu enzi za Wainka, watawala wa kale wa Andes, ambao shule za Peru zimeurudisha. Trei ya mayai 30 inatosha. Ina safu sita za matundu matano. Safu mbili ni mamoja, mbili makumi, mbili mamia, kila jozi na rangi yake. Punje za mahindi ndizo kete, kama za bao. Kujumlisha 47 na 38, weka punje 4 kwenye makumi na 7 kwenye mamoja, kisha ongeza 3 kwenye makumi. Zile 8 zitie mojamoja kwenye mamoja. Baada ya punje ya tatu matundu kumi yamejaa: toa zote kumi, weka moja kwenye makumi, endelea na tano zilizobaki. Jibu, 85. Kosa la kawaida ni mtoto kuhamisha punje zote kumi kwenda makumi. Mwache aseme kwa sauti, "kumi zimekuwa moja," kila anapobadilisha.

Jikoni wafuate akina mama wanaopika. Cusco maji huchemka kwenye nyuzijoto 89 hivi, kwa hiyo maharagwe bila presha kuka hayaivi kwa wakati. Kwinoa, nafaka ya huko, huoshwa mpaka povu liishe, la sivyo inakuwa chungu. Upungufu wa damu unawakumba takriban watoto 4 kati ya 10 wa Peru wenye umri chini ya miaka mitatu, na chai pamoja na mlo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Toa maji ya limau badala yake.

Usikae na mtoto mmoja chumba kilichofungwa. Mtoto akikueleza kwamba anaumizwa, usimwahidi siri. Msikilize, usimhoji, mpelekee habari msimamizi siku ileile. Peru kuna simu ya bure, Línea 100 (unapiga 100), saa 24.

Tarehe ya kuondoka waambie watoto siku ya kwanza na uiandike kwenye kalenda ya ukutani. Wiki ya mwisho kaa na mwalimu wa pale na daftari moja, ukurasa kwa kila mtoto: kitabu amefika wapi, jozi gani za irabu bado zinamchanganya, anajumlisha kwa yupana au kichwani, na nani asikae karibu na nani.