Daraja la Vipande Vitatu

Bei zilisomwa kwa sauti mbele ya wazabuni wote, katika ukumbi mmoja hapa Chake Chake, nami nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na daftari mapajani. Zabuni zilikuwa mbili: ya kenchi za chuma za kubebea paa za madarasa ya skuli, na ya daraja la waendao kwa miguu, lenye urefu wa mita 18, juu ya mkono wa bahari ambao watoto wa skuli hiyohiyo walikuwa wakisubiri maji yapwe ndipo wauvuke. Katika zabuni ya skuli bei ya karakana yetu ilikuwa ya chini kuliko zote. Katika ya daraja, wawili kati ya wanne walikuwa chini yetu, na sababu niliijua kwa kuwa mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono wangu: gharama ya zinki ya kukinga chuma na kutu.

Tulibishana sana juu ya gharama hiyo. Nilimwomba Ami, mwenye karakana, tuweke rangi ya kuzuia kutu ili bei ishuke. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, lile litakaa juu ya maji ya chumvi. Rangi utaipaka leo, mwakani utaikuta inabanduka kama magamba ya changu." Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 za Selsiasi, na viwandani dimbwi lake huwekwa kwenye nyuzi 450 hivi, chuma kikizamishwa humo, zinki hushikamana nacho, na hata kikikwaruzwa baadaye, zinki ndiyo huliwa na chumvi kwanza. Dimbwi la namna hiyo hatukuwa nalo. Ilibidi tupeleke kazi Dar es Salaam kwa meli, na kwa kuwa dimbwi lina urefu wake, daraja likagawanywa vipande vitatu vya mita sita sita, vya kuunganishwa kwa mabamba na bolti.

Wiki ya tano barua zikaja, zote mbili zetu. Nyaraka za zabuni zilikuwa zimetaka zinki tangu mwanzo, na wale wawili waliokuwa chini yetu walipiga hesabu ya rangi. Ami aliisoma barua ya daraja mara mbili, akaikunja, akauliza kama vijiti vya kuchomelea vimeshakaushwa, kwa kuwa masika yalikuwa yamekaribia na kijiti chenye unyevu huacha vitundu mahali palipochomelewa.

Kenchi 24 za skuli tulizimaliza bila shida. Daraja ndilo lililonifunza kazi.

Kabla ya kupelekwa kwenye zinki, vipande vyote vilipangwa uani na kufungwa kwa majaribio. Kiungo cha kwanza kilikubali. Kwenye cha pili, bolti zilisimama juu ya matundu na kukataa kushuka. Ami aliinama akachungulia: tundu lililopaswa kuwa duara kamili lilionekana kama mwezi wa siku ya kumi. Mabamba yale niliyachora mimi. Nilikuwa nimetumia futi kamba iliyoanguka siku chache nyuma, ndoano ya ncha yake ikapinda, na kila kipimo nilichokichukua kilizidi kwa milimita nne. Nilisema hivyo mbele ya mafundi wote, na sauti yangu ilitetemeka.

Fundi mmoja alitaka tupanue matundu kwa moto wa gesi, kwani nafasi ya mzigo melini ilikuwa imeshalipiwa. Ami alikataa. Alieleza kwamba tundu likipanuliwa, bolti yake haikamati tena, na mzigo wake hubebwa na bolti jirani ambazo hazikupigiwa hesabu hiyo. Akaagiza mabamba mapya, na meli ikaondoka bila sisi. Usiku ule nilichora upya kwa rula ya chuma, matundu ya milimita 22 kwa bolti za milimita 20, ili zinki itakapoingia ndani ibaki nafasi. Nilipima kila tundu kutoka kingo mbili, na Ami alishika taa bila kusema neno. Vilevile tulitoboa matundu madogo kwenye mabomba yaliyozibwa, kwa sababu unyevu ukibaki ndani hugeuka mvuke kwenye dimbwi na bomba huweza kupasuka.

Vipande viliporudi tulingoja bamvua, maana wakati huo maji hujaa sana na kupwa sana. Kila kipande, chenye uzito wa karibu kilo 700, kilibebwa juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja mpaka juu ya nguzo za zege, na maji yalipoanza kushuka kikakaa chenyewe mahali pake. Wazee wa kijiji walisimama ng'ambo, na watoto walikuwa wamekatazwa kusogea.

Kiungo cha pili kilifungwa mwisho. Ami alinipa bolti ya bamba nililolichora usiku ule. Niliisukuma kwa vidole viwili, ikashuka hadi kichwani, nami nikalala kifudifudi juu ya chuma kuishika nati kwa chini, maji yakiwa yameshashuka hadi kwenye mizizi ya mikoko.